Mwanamke Aliyekimbia Kandokando ya Behewa

S.L.P. 417
Tarehe 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Wifi na pacha wenu hawajambo? Kifua chako kimetulia, au baridi ya huko bado inakuandama? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna maradhi. Juzi kamfokea fundi bomba mpaka maskini akasahau spana zake.

Nimecheka kusoma kwamba pacha wanataka kusimuliwa zile safari zetu za likizo, tulipopanda treni kumfuata baba kila alikopelekwa kujenga madaraja. Zilikuwa safari tamu. Tuligombania kitanda cha juu, na wewe hukuacha kutoa kichwa dirishani hadi uso ukajaa vumbi, ukafanana na gunia la saruji.

Lakini umeandika pia kwamba huwachekesha kwa habari ya yule mwanamke aliyenitupia mtoto. Hapo kicheko kikanikauka. Kaka, mambo hayakuwa hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa mchana kweupe, wewe umelala. Treni ilisimama kwenye stesheni ndogo kupisha nyingine. Yule mama aliyekaa mbele yangu akanipa mwanawe, akasema, "Mdogo wangu, nishikie kidogo, namtafutia maji." Akashuka na chupa.

Treni iliondoka ghafla. Nikamwona akitokea nyuma ya tangi la maji, anakimbia. Alilifikia dirisha letu, akashika ukingo wake. "Vuta mnyororo!" alipiga kelele. "Vuta, mdogo wangu, vuta!"

Mnyororo wa kusimamisha treni ulikuwa juu ya kichwa changu. Unakumbuka ulivyouvuta kwa utundu mwaka uliotangulia, baba akatukanwa mbele ya abiria, naye akaapa kwamba atakayeugusa tena hatasafiri naye maisha. Sikuuvuta. Yule mama akaanguka. Niliona magoti yake yakipiga kokoto.

Mkagua tiketi alipokuja akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Niliogopa kuulizwa habari za mnyororo.

"Ameshuka akaenda zake," nikasema.

"Hakurudi?"

"Hata nyuma hakuangalia."

Akayaandika. Stesheni iliyofuata askari wa kike akaja kumchukua mtoto. Mtoto alikuwa amekishika kidole changu. Ilibidi ambandue vidole kimoja kimoja. Ulipoamka, nikakupa uongo uleule.

Miaka ishirini na sita sasa. Mpaka leo nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu barabarani nasimama, na kugeuka siwezi.

Mwezi uliopita nilikwenda pale. Aliyekuwa msimamizi wa stesheni amestaafu, anafuga kuku nyuma ya ofisi. Alimkumbuka mara moja. Alisema yule mama alifuata reli kwa miguu mpaka stesheni ya pili, akafika kesho yake. Akaambiwa mtoto kapelekwa mjini, na maandishi yanasema amemtelekeza. Alihangaika kote, hakusikilizwa.

"Alikuwa anakuja kila treni ikipita, mwaka mzima," mzee akaniambia. "Anapita dirisha kwa dirisha akimtafuta binti aliyemwachia mtoto. Alitaka binti huyo aseme tu alichokiona."

Baadaye alihama, mzee hajui wapi.

Kaka, mwaka ule tulipita pale mara mbili. Mara zote mbili nilivuta pazia kabla hatujafika.

Nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nimeandika ukweli na kutia sahihi. Karani amesema majalada ya zamani mengi yaliharibika, lakini amepokea. Mtoto yule, kama yu hai, ni mtu mzima. Huenda anaishi akiamini mama yake hakuangalia nyuma. Nakuomba usiisimulie tena ile habari kama ulivyozoea.

Mama bado hajui. Nikishaifunga bahasha hii nakwenda jikoni kumwambia, kabla moyo haujanirudi nyuma.

Nisalimie wifi, na pacha uwapige busu. Mjomba fundi saa anakusalimu, na shangazi anauliza lini utakuja. Mungu awatunze nyote, asiwatenganishe na wanenu hata kwa hatua moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia.