Kengele ya Shukri

Griftu, Wajir

Wakesho mpenzi,

Nakusalimu nikiwa mzima, ila vumbi la huku limenipa rangi ya barabara. Wewe je, miguu bado inavimba? Na huyo mgeni wetu tumboni anakuacha ulale?

Mke wangu, kengele imelia! Ngoja nikusimulie.

Unamkumbuka Dahir, jirani yangu anayeendesha redio ya mawasiliano ofisini kwa DO, mkuu wa tarafa? Mkewe, Shukri, alikuwa karibu kujifungua, na mchana hubaki peke yake. Kati ya nyumba yao na zahanati kuna soko la mifugo, na siku ya mnada hata upige yowe namna gani, ngamia watakushinda. Mtoto wao wa kwanza walimpoteza kwa kukosa mtu wa kuita msaada. Ndipo nikaahidi kumtengenezea kengele isiyo na waya: abonyeze kwake, ilie kwa muuguzi.

Nilitumia ile chipu niliyoiandikia programu kwenye kompyuta ya chuo likizo iliyopita, pamoja na vile vipande vya redio alivyoninunulia kaka yako Nairobi, ambavyo wewe huviita vichezeo. Lakini kila nikibonyeza, redio ikitaka kutuma tu, chipu inazimika na kuanza upya. Dahir akaja, akatazama, akaniambia nifute waya wa redio. Nikafuta. Nilifuta kwa kitambaa, nikafuta kwa spiriti, mpaka shaba ikang'aa kama bangili ya bibi harusi. Wapi! Nikamwambia nimefuta hadi nimechoka. Akashika kichwa.

"Walaal, ndugu yangu, mimi nasema futa," akasema, mikono yake ikivuta kamba isiyokuwepo. "Futa waya mbaka kwa betri."

Kumbe vuta! Nilicheka nikakaa chini. Kila siku nafundisha watoto wa Kisomali wanaosema "fiatu" badala ya "viatu", na bado nimenaswa. Redio nilikuwa nimeipa umeme kutoka kwenye mguu wa chipu, na mguu ule hauna nguvu ya kuilisha. Nikavuta waya wa redio moja kwa moja hadi kwenye betri, chipu nikaiachia kazi ya kutoa amri tu. Tukabonyeza, ikalia.

Siku ya mnada, nikiwa darasani, nilimwona muuguzi akipita mbio na mkoba wake kuelekea kwa Dahir. Kabla ya adhana ya alasiri Shukri alikuwa amejifungua msichana, wote wazima. Dahir alikuja akanikumbatia mbele ya wanafunzi, analia bila haya.

Nilifurahi sana, Wakesho, kisha nikaona wivu. Kengele yangu inavuka soko tu, haifiki Voi. Nimemweleza hedimasta, naye amenipa ruhusa. Nakuja kabla siku zako hazijatimia, nikae mahali ambapo ukiniita kwa mdomo tu nitasikia.

Nisalimie mama mkwe, mlinzi wa funguo za jikoni, na kaka yako Mwakio, mnunuzi wa vichezeo.

Mumeo, anayevutwa nyumbani kwa v,

Mwadime