Akinenepa Watatufuta

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima, mvua imenyesha vizuri na kuku wangu ameangua. Mradi wa lishe umemnyanyua kaka yetu kwelikweli: ameezeka mabati, redio inaimba kutwa. Kila mwezi hupewa unga na mafuta ya mwanao uliyemwachia, kwa kuwa uzito wake ni mdogo.

Juzi nilimkuta mtoto mbavu nje, na unga wake unauzwa dukani. Nikamuuliza kaka, "Mbona humlishi?"

Akacheka, nyama mdomoni. "Akinenepa watatufuta, dada. Siku ya mizani hata uji hapewi."

Nilitema mate mlangoni pake, nikambeba mtoto, nikaenda kumweleza muuguzi wa mradi yote. Kaka hanisalimii tena. Na asinisalimie, namwonea kinyaa.

Niruhusu nimlee mimi. Anakula sasa, ila jana aliisukuma sahani ikiwa nusu, akaninong'oneza, "Mama mkubwa, nikishiba, mjomba atakula nini?"



Dada yako