Sababu ya Safari

Jumatano, 1 Januari 2025
Mwaka mpya, na cha kwanza – kusoma maili za pikapu. Baridi ya Nebraska inang'ata masikio! Verlin anasoma, mimi mkewe naandika kwenye kitabu cha maili. Safari za kazi, kutengeneza mitambo ya kumwagilia mahindi ya watu, tunaondoa kwenye mapato senti sitini na saba kila maili kabla ya kutozwa kodi. Za hospitali, ishirini na moja. Za dukani, sifuri. Tangu mkaguzi wa kodi amtoe jasho, wimbo ni mmoja: andika siku ileile, andika na sababu! Naandika. Yeye husoma namba tu.

Jumamosi, 18 Januari
Amejumlisha. Maili 248 za hospitali mwaka jana. "Darlene, hizi zitie kwenye kazi. Nani atajua?" Nikasema hospitali nayo ina kumbukumbu. Loo, ulimi wangu! Akasogeza kwanza kahawa yake, isimwagike. Kisha akanishika nywele akanibamiza uso mezani. Mara mbili. Jino limetoka. Akanirushia taulo: leo hospitali huendi, senti ishirini na moja hailipi. Akacheka peke yake. Mshenzi!

Jumatatu, 3 Februari
Anataka nifute maili za hospitali, niziandike za kazi. Nimekataa. Kanikaba mpaka nikaona giza. Nimevaa skafu.

Jumanne, 11 Februari
Kwa mhasibu, Bi Joleen Hruska. Verlin anapiga soga za bei ya mbegu, mpole kama mchungaji wa kanisa. Joleen anashuka na kidole kitabuni, kwenye safu ya maili, kisha – kwenye sababu.

14 Machi, 62, mbavu, kanipiga teke. 2 Juni, 62, kanivunja mkono. 30 Agosti, 62, sikio linatoka damu. 9 Novemba, 62, kanisukuma ngazini.

Kidole kikasimama. Joleen akatazama skafu yangu. "Darlene, hebu njoo unisaidie kutoa nakala." Kwenye korido akaninong'oneza: jifungie chooni, nampigia simu sherifu wa polisi, usimfungulie mtu.

Nimejifungia. Daftari hili lilikuwa mkobani. Nikikaa bila kuandika nitapiga kelele.

Nasikia Verlin: kitabu cha maili mbona kimekawia, mama? Lete nikione.

Karatasi zinafunuliwa. Anasoma sababu, kwa mara ya kwanza maishani mwake!

Kiti kimeanguka. Joleen kapiga yowe. Kishindo. Joleen hasemi tena. Ee Mungu, Joleen!

Verlin yuko mlangoni. Hafoki, ndiyo mbaya zaidi. "Mpenzi, umekosea kuandika. Fungua usahihishe."

Sherifu yuko maili kumi na tisa kutoka hapa.

Kapiga bega. Bawaba ya juu imelegea. Nimeng'oa kifuniko cha tangi la choo, kiko mapajani, kizito kama jiwe la kusagia. Kapiga tena. Akiingia, leo wa kupelekwa hospitali ni yeye.

Bawaba ya