Somo la Fyuzi

Shoga, uko wapi?

Nimempelekea mume wangu chakula cha usiku kwenye karakana yake ya redio. Nafika mlangoni, namkuta anamfundisha yule dada mshonaji wa duka la pili. Vichwa vimekaribiana juu ya redio iliyofunguliwa.

"Fyuzi ni waya mwembamba tu. Umeme ukizidi, unakatika wenyewe ili redio isiungue." Taratibu hivyo, kama anabembeleza mtoto.

Mimi nimemuuliza miaka tisa. Miaka tisa jibu ni "achana nayo, hutaelewa."

Halafu sikia hii. Akaongeza, "Ni kama mke wangu. Moto ukizidi kidogo tu, anakatika, nyumba nzima giza." Yule dada akacheka mpaka akamshika bega. Akamshika bega, shoga.

Swichi kubwa iko pale pale mlangoni. Nikaizima, giza likawafunika, nikageuka na chakula changu.

Nimekila chote peke yangu, wala sikusikia ladha.

Unajua kinachoniuma ni nini? Fyuzi nimeielewa leo. Na somo lenyewe halikuwa langu.