Siku Niliyomfunga Shangazi Moza

Jadida, Wete, Pemba
9 Aprili, 1960

Kwa kaka yangu mpenzi, Soud bin Mbaruk, Mombasa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima na lile jino halikusumbui tena. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba kikohozi kimempungua na anakusalimu sana. Idd tumeila vizuri, ila mkate wa kumimina wa binamu yetu Mwanakhamis uliungua chini, na tukaula hivyo hivyo kwa kumsitiri. Ama baada ya salamu, tafuta pahala ukae kitako, usiisome barua hii umesimama dukani mbele za watu. Nimemfunga Shangazi Moza sataranji. Mimi, Thuraiya!

Najua husadiki, nami siku mbili za mwanzo sikusadiki. Shangazi ndiye yule yule unayemjua. Baba hajapata kumfunga hata mara moja, na yule hakimu mgeni aliyekuja kucheza naye kwa nyuma ya pazia aliondoka bila ya kumaliza kahawa yake. Macho yake siku hizi yana ukungu, barua hawezi kusoma, lakini ubaoni anavipapasa vile vinyago kwa vidole na hakuna kinachompotea.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Mwezi wa Rajabu ilinijia barua ya kukubaliwa chuo cha ualimu Unguja. Kaka, nililia kwa furaha mpaka Mwanakhamis akadhani kuna msiba. Baba hakusema ndiyo wala la. Alisema tangu mama afariki aliyetulea ni Shangazi, basi nikamuulize yeye. Nikaenda. Shangazi akasema mtoto wa kike hatupwi ng'ambo kama gunia la karafuu. Nikamsihi, nikamletea baba, nikamletea mpaka mwalimu wangu mkuu, naye akamkirimu chai na kumrudisha alikotoka. Mwisho akachoka nami, akasema basi, tuonane ubaoni Idd tatu. Nikimfunga, niende. Akinifunga, ile barua ya chuo niichane kwa mkono wangu mwenyewe, na nisilitaje tena neno Unguja ndani ya nyumba yake. Nikakubali. Na ningefanyaje?

Siku ya Idd tatu ukumbi ulijaa wanawake wa Jadida nzima, na udi ukifuka. Shangazi kakaa juu ya mkeka na kanga zake mpya, ubao mbele yake, na barua yangu ya chuo kaiweka chini ya sinia la halua ili niione vizuri. Mtu ana inda yule! Akanipa vyeupe nianze, kwa kunihurumia.

Unaijua desturi ya nyumba ile. Anayeanza hupiga hodi kwanza, yaani humtoa askari aliye mbele ya mfalme hatua mbili, na Shangazi humtoa wake kama hivyo, ndiyo karibu. Hakuna aliyeanza vyengine mbele yake. Mimi nikamtoa askari wa pembeni kabisa, yule wa mbele ya ngome upande wa mfalme, hatua mbili. Shangazi akapapasa, akapapasa tena, akauliza kama nimesahau kupiga hodi au nimekosa adabu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mtu wa nyumbani hupitia mlango wa uani. Weee! Wanawake walivyocheka! Bi Kijakazi, jirani yake, akasema leo Moza kaingiliwa jikoni. Shangazi naye akacheka, akasema uani kuna jaa na mbwa koko, kisha akatoa askari wake wa mbele ya mfalme kwa mazoea, akakaribisha mtu ambaye hakubisha hodi.

Mimi nikamsogeza tena yule yule wa pembeni. Akina mama wakaanza kunisikitikia. Bi Kijakazi akaninong'oneza nimche Mungu, nisicheze na riziki yangu. Shangazi akanila farasi mmoja, nami nikaiona Unguja inakwenda zake hivi hivi. Lakini nilikuwa nangojea kitu kimoja tu. Shangazi ana tabia, kabla ya mwendo wa tisa lazima amfiche mfalme wake upande ule ule, nyuma ya askari watatu, ndipo roho yake itulie. Akamficha! Na alikokwenda kumficha ndiko alikokuwa anakwenda askari wangu. Nikampeleka mpaka mlangoni, akaliwa, na njia ikawa wazi. Ngome yangu ikateremka moja kwa moja, na malkia nyuma yake. Shangazi akapapasa kulia, kuna mtu. Akapapasa kushoto, kuna mtu. Akamrudia mfalme wake, akamshika kichwa muda mrefu, kisha akamlaza mwenyewe ubaoni. Kaka, vigelegele vilivyopigwa nadhani Wingwi walivisikia. Mimi nililia, nikacheka, nikala halua yote. Ile barua niliitoa chini ya sinia ina mafuta ya samli, na sikujali.

Shangazi aliuliza jambo moja tu, nani kanifundisha. Nikasema kaka Soud. Sasa hapa, kaka, ndipo penye neno, na ndiyo sababu nimekwambia ukae kitako. Ule haukuwa ukweli wote.

Mchezo wenu wa sataranji kwa barua, wewe na Shangazi, mwandishi wake ni mimi. Yeye hunambia mwendo, mimi nakuandikia. Wewe hujibu, mimi namsomea. Mwaka wa juzi, wiki moja, alinambia mwendo na mimi nikaona ulio bora. Shetani akanishika mkono, nikaandika wangu. Jibu lako lilipokuja halikulingana na ubao wake hata kidogo, basi nikamtungia jibu. Na ukishatunga moja, la pili hulikwepi. Nikachora ubao mwengine juu ya karatasi ngumu, nikauweka chini ya kitanda, vinyago vyake ni vifungo na maharagwe. Tangu hapo hujacheza na Shangazi hata siku moja. Umecheza na mimi. Ile michezo miwili uliyofungwa, ukaandika kwamba Bi Moza amezidi kuwa simba uzeeni, simba ni mimi. Na Shangazi naye hakucheza na wewe, alicheza na mimi kwa jina lako, na ubaoni kwake alinifunga mara mbili. Nisamehe sana kwa hilo, maana kila harusi anayokwenda anasema Mombasa imemla Soud akili. Lakini kwa kufungwa huko ndiko nilikojua pahala anapomficha mfalme wake.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nikiondoka atakayeandika ni Mwanakhamis, na yule hajui kusema uongo, siku ya kwanza tu mngegundua. Na kusema kweli, nilitaka ushindi wangu uwe halali. Jana baada ya alasiri nilikwenda nikamwambia Shangazi yote, na barua ya chuo nikaiweka mbele yake, nikamwambia akitaka aichane yeye.

Shangazi aliipapasa ile barua, akaikunja vizuri, akanirejeshea mkononi. Akasema kinyago alichokichonga mwenyewe hakimtishi, wala hakukataa kwa sababu ya Unguja. Alikataa kwa sababu wiki nzima yeye hungoja ile saa moja ninapokaa naye kumsomea, na aliona haya kunambia. Kisha akasema mtu aliyecheza na watu wawili miaka miwili, akawadanganya wote na asichanganye hata askari mmoja, hao walimu wa Unguja wajihadhari naye. Akalia, nami nikalia, na nilipotaka kumbusu mkono akanivuta akanikumbatia.

Naondoka mwisho wa mwezi ujao, inshallah. Wewe nikasirikie ukitaka, lakini usimnyime Shangazi barua zako. Mwanakhamis nimeshamfundisha mienendo yote. Baba, Shangazi, Mwanakhamis na Bi Kijakazi wote wanakusalimu. Shangazi ananambia nikuandikie kwamba mcheze upya, na uanze wewe, maana anataka kujua kama kweli una akili.

Wabillahi tawfiq. Ni mimi mdogo wako, uliyefungwa naye mara mbili,

Thuraiya binti Mbaruk