Kwako Mama Soma-Kwanza, Wakili Wetu

Mwaka umezunguka, Mama Watoto, tangu asubuhi ile ulipoomba miwani yako, ukaishika mkononi, na kabla hujaivaa ukatutoka.

Tunakuandikia mimi mume wako na wanao wawili. Kalamu nimeshika mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki na nyumba.

Wengi walikujua kama wakili wa benki na makampuni. Zaidi ya miaka thelathini ulikaa katika ofisi ile ya ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani, ukiandika mikataba ambayo wengine wangesinzia kabla ya kufika ukurasa wa pili. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikutania kwamba sentensi zako hazina nukta. Ukanijibu, "Kwenye nukta ndipo mwizi anapoingilia, Mwalimu."

Kazini ulikuwa mkali. Wakili kijana akikuletea kazi ya kulipua, ulimrudishia bila neno, pamoja na kikombe cha chai.

Hatusahau siku ya mafundi cherehani. Walikuwa akina mama wa ushirika, wamekuja benki kukopa na kuweka rehani jengo lao la kushonea. Kalamu zilikuwa mezani tayari. Ukawauliza, "Wakili wenu yuko wapi?"

Mwenyekiti wao akacheka. "Si wewe hapo, dada?"

"Mimi ni wa benki," ukasema. "Nikiwaambia wekeni saini hapa, naitetea benki. Nendeni mkatafute wa kuwatetea ninyi, kisha mrudi."

Meneja alikufuata hadi kwenye korido. "Umenifukuzia wateja!"

"Nimewaokoa wao, na wewe nimekuokoa na kesi."

Alinuna. Miezi ikapita benki ile haikupi kazi, nasi nyumbani tukakaza mkanda. Nilikukuta umekaa karibu na simu isiyolia, nikakuuliza kama unajuta. Ukasema, "Hali hii naijutia. Neno nililosema, hapana." Wale akina mama walirudi na wakili wao, masharti magumu yakaondolewa, na mwishowe benki ikakufuata yenyewe. Jengo ni lao mpaka leo. Nikipita barabarani nasikia cherehani zinavyonguruma.

Ulipostaafu nilijua nimepata mtu wa kuzungumza naye mchana. Thubutu! Kila Jumamosi ulibeba kiti chako hadi baraza ya zahanati, ukawasomea watu mikataba yao bure: ya kupanga nyumba, ya ajira, ya kuuza kiwanja. Mwenye haraka ya kutia saini ulimshika mkono: "Soma kwanza, mwanangu. Majuto hayafuti wino." Ndipo ukaitwa Mama Soma-Kwanza, na hata daktari wako alikuita hivyo. Moyo wako ulipoanza kuchoka alikukataza kutoka. Ukamwambia akuandikie katazo lake ulisome kwanza. Alicheka, na Jumamosi iliyofuata ulikuwa barazani.

Sasa nyumba imekuwa kubwa, Mama Watoto. Wanao hunipigia simu, Mungu awabariki, lakini simu ikikatika, ukimya unarudi kama mwenye nyumba. Nikisikia habari redioni nageuka nibishane, sina wa kubishana naye. Miaka yote nilidhani nina maoni yangu. Kumbe nilikuwa nakupinga wewe tu.

Nilijaribu kuhamia kwa binti yetu. Haukupita muda nikamwomba anirudishe. Akasema, "Baba, kule utakuwa peke yako."

"Hata hapa niko peke yangu, mama," nikamwambia. "Ila kule najua swichi za taa zilipo."

Hakuniudhi wala sikumuudhi. Alinirudisha, akanifulia mashuka, akalia jikoni akidhani simsikii.

Lipo jambo ambalo hukulikuta. Mwezi uliopita mwanetu wa kiume alijaliwa mtoto wa kike, na yeye na mkewe wamempa jina lako. Walimleta hapa, wakanipa nimpakate. "Mwite basi, Baba," mkwe wetu akasema. Nikaanza kwanza kumrekebishia shuka lake. Tangu tukuzike, hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile ndani ya kuta hizi. Kila mtu alisema "marehemu" au "Mama".

Mwishowe nikaliita, kwa sauti ile niliyokuwa nikikuitia wewe. Mtoto alikuwa amelala, wala hakushtuka. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama mlango.

Unakumbukwa na mume wako, Mwalimu, binti yako, mwanao na mkewe, dada yako mkubwa, ambaye bado anakuita "mtoto", mawakili uliowalea, na mjukuu wako, ambaye tutamsimulia habari zako tangu mwanzo.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.