Mpira wa Nane

Jumatatu, 3 Februari 2025

Taifa na litangaziwe: leo saa moja na dakika kumi asubuhi, Clifford Kamande, mlinzi wa geti namba mbili, amepewa kiti. Kina mikono, na magurudumu manne, matatu yakizunguka. Sherehe ilikuwa fupi. Lorraine, meneja wa mjengo, alikisukuma kwa mguu akasema kilikuwa kinaenda kutupwa, Cliff, kama nakitaka. Nilikitaka. Miezi mitano nimesimama kama mlingoti.

Kutoka kitini naona mradi wote. Chini barabara kuu, malori ya maghala ya Smithfield yakinguruma. Juu yake wanamwaga sakafu ya zege, ng'ambo hadi ng'ambo. Juu ya sakafu yatakuja maduka, halafu ofisi, halafu nyumba, ghorofa kumi na nne. Watu watalala juu ya malori na kujiona wamefika. Nyuma ya uzio, uwanja wa besiboli.

Kitabu changu nacho kiko mezani. Huku ugenini matukio yanaandikwa kwenye simu. Mimi nimelinda Nakuru miaka tisa, na kwetu askari bila OB, kitabu cha matukio, ni mtu tu aliyevaa sweta. Namba, saa, tukio, hatua iliyochukuliwa. Hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea — mstari mmoja juu ya kosa, ukweli pembeni, sahihi. Watu wa kreni huniuliza kama leo nimeandika njiwa. Nimeandika. Alikuwa juu ya waya.

Jumamosi, 8 Februari

Siku yangu ya mapumziko, kwa hivyo nilienda uwanjani kama mzazi. Binti yangu Wanjugu, miaka kumi na sita, anachezea timu ya Cécile. Huyu Cécile, Mama Ketsia, alitoka Bukavu, anapakia mizigo ghalani. Miaka mitatu iliyopita aliokota wasichana kumi na mmoja kanisani, Wakongo, Warundi na wawili wetu wa Kenya, akawafundisha mchezo aliousoma mwenyewe kwenye simu. Leo ni wa tatu kwenye ligi.

“Ketsia, usiogope ile mpira, haina meno!” akampigia bintiye kelele.

Mpira mmoja ukatoka, ukaruka uzio, ukaanguka kwenye zege. Kona ya kaskazini, palepale pa siku zote. Nikakimbia getini kuuandika hali siko zamu. Mpira wa saba tangu Septemba. Wanjugu akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hakuna baba mwingine aliyeondoka kwenda kuandika. Nilichukua kama sifa.

Jumanne, 11 Februari

Historia!

Baada ya mazoezi, wasichana wakiwa tayari kwenye maegesho, Cécile alinipa lile rungu lao nijaribu. Mtu wa miaka hamsini na tatu, goti bovu, kitambi cha uhakika. Nikasimama pale pa kupigia. Akarusha, nikapiga. Mpira ulipanda, ukavuka uwanja mzima, ukavuka na uzio, ukapotelea kwenye mjengo. Cécile alibaki mdomo wazi.

Nyumbani nimesimulia mara tatu. Mke wangu Nkatha, ambaye ni nesi, aliuliza goti linasemaje. Lakini Wanjugu aliacha simu akaniangalia vizuri, akasema, “Baba Kombora.” Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hata chumvi huiomba kwa Kiingereza.

Jumatano, 12 Februari

Dirisha la kontena, ofisi ya Lorraine, limevunjika. Nimeandika. Sababu: upepo.

Jumatatu, 24 Februari

Habari mbaya. Kampuni ya mjengo imeomba kaunsili ya mji ifunge uwanja hadi mjengo uishe. Miaka miwili na nusu. Eti mipira inawaangukia mafundi “mara kwa mara, kutoka kila upande”.

Cécile alikuja getini saa nane mchana, bado na jaketi la ghalani. Ametafuta viwanja mpaka Seven Hills. Vyote vimejaa.

“Papa Kamande, miaka mbili na nusu! Bale batoto batakuwa bamama.”

Nikamwambia watangoje kidogo.

“Batangoja wapi? Mwaka jana tulikosa uwanja mwezi moja tu, batoto bane hawakurudi tena. Bon. Ile kitabu yako ya njiwa. Mipira mo iko?”

“Imo. Yote.”

Neno hilo “yote” lilinitoka haraka kuliko nilivyopenda.

Alhamisi, 27 Februari

Tumeshinda. Naandika nikiwa na chapati sita tumboni.

Ukumbi wa kaunsili ulijaa. Mtu wa kampuni alionyesha picha yenye mishale myekundu inayotoka uwanjani pande zote, ungedhani ni vita. Cécile akasema maneno manne, sauti ikakatika, akanionyesha mimi kwa kidole. Nikasimama na kitabu. Kiingereza changu huvaa suti kikiogopa, lakini nikasoma. Tarehe, saa, hatua ngapi kutoka nguzo ya kona. Mipira saba kwa miezi mitano. Yote kona ya kaskazini, yote ndani ya hatua kumi na mbili.

Mhandisi wa kaunsili akapima kwenye ramani, akasema wavu mrefu kwenye kona hiyo moja unatosha. Mtu wa mishale akauliza nani anaweza kuamini daftari la mlinzi. Ndipo Lorraine, anayelipwa na kampuni hiyohiyo, akainuka. Akasema katika miezi mitano Cliff hajakosa kuandika hata njiwa.

Mwenyekiti akaamua: kama kitabu ni cha kweli, uwanja haufungwi, wavu ujengwe. Vigelegele! Sidhani ukumbi ule umewahi kusikia vigelegele. Cécile amelia kwenye jaketi langu likalowa. Wanjugu aliniita Baba Kombora mbele ya watu wote.

Ijumaa, 28 Februari

Saa mbili na robo, niko kitini. Lorraine ameniletea fomu ya kaunsili. Nitie sahihi kila ukurasa kwamba kitabu ni cha kweli na kamili, atakipeleka saa nne. Ameenda kuchemsha chai.

Kamili.

Basi, ilivyokuwa hasa. Jumanne ile Cécile alinirushia mipira kumi na miwili na yote nikapiga hewa. Wa kumi na mbili ulinizungusha nikakaa chini. Akanivuta mkono nikainuka, akasema hata padri wao anapiga vizuri kuliko mie, akaenda kufunga begi. Nami na aibu yangu nikachukua mpira mmoja, nikatembea hadi karibu na uzio, upande wa kusini. Nikaurusha juu mwenyewe, nikaupiga ukishuka. Ukaenda! Nikasikia kioo. Cécile akageuka, akanitazama, akatazama uzio ulivyokuwa karibu, akacheka mpaka akashika magoti. Hajamwambia mtu.

Hata humu kwenye shajara niliandika uongo. Humu, ambamo hasomi mtu.

Nikiacha “upepo”, Lorraine amekitetea kitabu cha uongo. Nikiandika tu kwamba mpira ulivunja kioo, upande wa kusini, mtu wa mishale amepata mshale wake, na wasichana wamekwisha. Uwanja unapona kwa njia moja tu: niandike nilipokuwa nimesimama, na kwamba haukuwa mchezo. Itasomwa kaunsili. Wanjugu ataisikia. Na kazi, Mungu anajua.

Nimempigia Cécile kazini, mashine zikilia nyuma yake. Nikamweleza.

“Andika, Papa.”

“Yote?”

“Yote. Na zile kumi na mbili. Zile sana-sana.”

Nimepiga mstari mmoja juu ya neno upepo. Pembeni nimeandika: Mpira wa nane. Umepigwa na mlinzi wa geti namba mbili, nje ya zamu, hatua ishirini na mbili kutoka uzio, akiurusha mwenyewe, baada ya kukosa mara kumi na mbili mfululizo. Si mchezo. Sahihi, C. Kamande. Hatua nimeenda kuzipima sasa hivi. Nilikuwa nimezisema kumi na tano moyoni. Ni ishirini na mbili. Si haba kwa mtu wa goti.

Imebaki safu ya mwisho, hatua iliyochukuliwa. Naiacha wazi.

Lorraine huyo anatoka kwenye kontena, vikombe viwili mkononi, anatabasamu. Nimesimama. Kiti nimekigeuza kimwelekee yeye. Hii ni habari ya mtu kuisoma akiwa amekaa.